Nusu Siku ya Nani?

Katika kikao kimoja kilichofanyika Mjini hivi karibuni, bwana mmoja ninayemheshimu, ambaye amekula chumvi nyingi katika biashara ya kupokea wageni, alisimama akatuambia kwamba dawa ya Mji Mkongwe imekwishapatikana, nayo iko Ugiriki. Tuige Olympia, alisema. Meli inatia nanga asubuhi, mabasi yamekwishapangwa gatini, wageni wanapelekwa magofuni na makumbusho, mchana wamerudi, meli inang'oa nanga, na kila mtu ameridhika. Nusu siku tu, na dunia nzima yaijua Olympia! Waliohudhuria walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Nilinyoosha mkono nikaambiwa muda umekwisha, jambo ambalo, kwa mada ile, halikukosa kichekesho. Basi nitasema hapa.

Safari hiyo anayoisifu nimeifanya. Mwaka 2019 mpwa wangu, ambaye riziki yake iko katika meli ya watalii, alinipatia nafasi ambayo meli huwapa jamaa za wafanyakazi wake, na katika bandari zote tulizopita nilikuwa nikiingojea moja: Katakolo, gati dogo la magharibi ya Peloponnese, ambalo ndilo mlango wa Olympia kwa ajaye kwa njia ya bahari. Katakolo yenyewe ina kisa. Katika karne ya 19 ilikua kwa zabibu kavu kama sisi tulivyokua kwa karafuu. Mwaka 1883 ikajengewa reli hadi mji wa Pyrgos ili zao lifike melini upesi. Na bei ya zabibu ilipoporomoka katika miaka ya 1890, wakulima wakaachwa na madeni na bandari ikaachwa na upepo. Zao lake la leo ni abiria. Sikuwa na muda wa kuitazama, lakini mtu wa visiwani ataelewa kwa nini niliiona kama jamaa.

Sasa tufanye hesabu, kwani yule bwana ni mtu wa hesabu. Tiketi iliandikwa nusu siku. Tulishuka saa mbili na robo asubuhi. Tulisimamishwa gatini, tukahesabiwa, tukabandikwa stika zenye namba vifuani, tukahesabiwa tena. Barabara ni kiasi cha kilomita 40. Tukawasili saa tatu na nusu. Magofuni tulipewa dakika 70. Makumbusho tulipewa dakika 35, na aliyetaka kwenda msalani alizitoa humo humo. Kisha tukapelekwa dukani, kwenye sanamu za plasta na chupa za mafuta ya zeituni, na huko, ajabu, hapakuwa na haraka yoyote: dakika 50 nzima, pamoja na kinywaji cha bure. Saa saba mchana tulikuwa gatini. Katika muda wa karibu saa tano, kile tulichokilipia kilipata dakika 105.

Kwa hiyo mzozo wangu na bwana huyu hauhusu nusu siku. Nusu siku ni muda mwingi. Kwa nusu siku mtu husomewa utenzi mrefu kuanzia dibaji hadi tamati na bado akapata wasaa wa kahawa. Ninachokilalamikia ni kwamba nusu siku hiyo iliuzwa lakini haikutolewa. Ilikatwa kama kitambaa cha mshonaji mwenye mkono mrefu, na kila mkato ulikwenda kwa mtu mwingine: fungu la meli, fungu la wakala, fungu la duka. Aliyebakiwa na vipande vya pembeni ni Olympia.

Wala simlaumu mtembeza wageni wetu. Ugiriki haimruhusu mtu yeyote tu kusimama magofuni akasimulia. Ni lazima awe na leseni, na leseni hupatikana kwa masomo. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye elimu iliyomjaa hadi kooni na isiyopata pa kutokea. Alibeba mwavuli wa kijani juu ya kichwa ili tusimpotee. Neno nililolisikia kinywani mwake mara nyingi kuliko jina la Zeus ni "twende".

Katika karne ya 2 B.K. alipita hapo msafiri mmoja, Pausanias, aliyeandika vitabu kumi vya kuieleza Ugiriki kwa wasafiri wenzake. Katika kumi hivyo, viwili vinahusu nchi ya Elis, na sehemu kubwa yake ni Olympia: madhabahu moja moja, sanamu moja moja, nani aliichonga, nani aliilipia, alishinda nini. Nataka msomaji alipime jambo hili. Wakati wa Pausanias mahali hapo palikuwa pamesimama, mtu akiviona vitu kwa macho yake, na bado mwongozaji aliona haja ya vitabu viwili. Leo pamelala: yale mapande ya nguzo za hekalu la Zeus yamejipanga ardhini kama yalivyoangushwa na matetemeko ya karne ya 6, na nguzo moja tu ndiyo iliyoinuliwa tena mwaka 2004. Mawe yaliyolala huhitaji maneno zaidi kuliko mawe yaliyosimama. Sisi tunayapa machache.

Na hayo machache yalitumika wapi? Hapa ndipo lilipo kosa ninaloliona kubwa kuliko la dakika. Tulipelekwa kwanza mbele ya hekalu la Hera, tukaonyeshwa mahali ambapo moto wa Olimpiki huwashwa kwa kioo na jua, na kundi zima likapiga picha. Hilo lilichukua robo saa. Moto huo, kwa jinsi unavyowashwa hapo na kukimbizwa kwa mwenge hadi mji wa michezo, ulianza mwaka 1936, kwa ajili ya michezo ya Berlin, Ujerumani ikiwa chini ya Hitler; mratibu wa michezo ile, Carl Diem, ndiye aliyeusimamia mpango huo. Wagiriki wa kale walikuwa na meko ya Hestia isiyozimwa hapo Olympia, hilo ni kweli, na Athens walikuwa na mbio zao za mienge. Lakini mbio za mwenge kutoka Olympia hawakuzijua. Mtu aliyelelewa na Mwenge wa Uhuru, nadhani, ana haki ya kutabasamu kidogo anapoona jinsi moto wa juzi unavyoweza kuota mvi kwa siku moja. Mtembeza wageni alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Nilipomwuliza pembeni alinijibu kwa sauti ya chini kwamba mambo hayo yanataka maelezo, na maelezo hayamo katika ratiba.

Kisha tukapelekwa uwanjani kusimama kwenye mstari wa mawe wa kuanzia mbio, picha nyingine, na wachache wakakimbia hatua kumi wakicheka. Sikuona ubaya. Mimi mwenyewe nilikanyaga mstari ule nikawakumbuka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ambao mwaka 1980 huko Moscow walituletea fedha mbili, na hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatujaongeza hata shaba moja. Lakini angalia mpango wenyewe ulivyo. Mgeni anakuja na Olimpiki yake kichwani, ya televisheni: moto, mstari, nishani. Anaonyeshwa moto, mstari, na mahali pa nishani. Anarudi nayo. Amesafirishwa kilomita 80, kwenda na kurudi, ili auziwe kile alichokuja nacho.

Hebu sasa niseme alichopitishwa.

Kabla ya kuingia uwanjani kuna njia nyembamba chini ya hazina za miji, na upande wake mmoja imejipanga misingi ya mawe, 16, mitupu. Tuliipita mbio. Juu ya misingi hiyo zilisimama sanamu za shaba za Zeus, zilizoitwa Zanes, na kila moja ililipiwa kwa faini ya mwanamichezo aliyekamatwa akidanganya au akihonga. Pausanias ameorodhesha visa vyake. Cha kwanza ni cha mwaka 388 K.K., pale bondia Eupolos wa Thessaly alipowahonga wapinzani wake watatu. Faini ya watu hao wanne ikatoa sanamu sita. Na juu ya baadhi ya sanamu hizo palichongwa beti (ndiyo, beti, msomaji wa jarida hili asinipite hapo) zenye kumwonya ajaye kwamba ushindi wa Olympia ni wa miguu na nguvu za mwili, haununuliwi kwa mali. Kila mshindani aliyekwenda uwanjani alipita mbele ya aibu hizo zikiwa zimewekwa mstari kama ndugu wa maiti wanaopokea mkono wa tanzia. Kisha akaingia katika njia ile yenye dari ya mawe, akatokea upande wa pili kwenye jua na maelfu ya watu.

Ni taifa gani leo linaloweka orodha ya wala rushwa wake kwenye mlango wa jengo lake tukufu, tena kwa mashairi? Hili peke yake lilitosha kutukalisha chini nusu saa. Na kama lingekosa mfano wa karibu, upo. Mwaka 2004, Ugiriki ilipokuwa mwenyeji, mashindano ya kurusha tufe yalirudishwa katika uwanja huo huo wa kale, na wanawake wakashindana hapo ambapo zamani mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa hata kutazama. Ulikuwa uamuzi mzuri. Washindi wote wawili wa siku ile, mwanamke na mwanamume, walinyang'anywa medali zao za dhahabu kwa dawa zilizokatazwa: mmoja mwaka huo huo, mwingine mwaka 2012. Hatua chache tu kutoka kwenye misingi ya Zanes! Mtembeza wageni mwenye ruhusa ya kusimama angeweza kuzishika zama mbili kwa mkono mmoja. Huyu wetu aliinua mwavuli.

Makumbusho ndiyo yaliyonitia uchungu hasa. Katika ukumbi mkubwa zimepangwa sanamu za marumaru zilizokaa juu ya paa la hekalu la Zeus, mbele na nyuma. Zile za mbele, za upande wa mashariki, zinaonyesha kabla tu ya mbio za magari ya farasi baina ya Oinomaos, mfalme, na Pelops, mgeni aliyekuja kumposa binti wa mfalme. Hakuna anayekimbia. Zeus yuko katikati, wawili hao wamesimama kila mmoja upande wake, farasi wanangoja. Na pembeni ameketi mzee mmoja, ambaye wataalamu wengi humchukua kuwa mwaguzi, mwenye mwili uliolegea kwa umri, ameuinua mkono hadi shavuni. Anajua. Huo mkono tu, kwa ninavyoona mimi, unaishinda nusu ya sanamu za Ulaya nilizoziona vitabuni.

Anajua nini? Wasimulizi wengi wa kale wanasema Pelops alimhonga Myrtilos, mwendesha gari wa mfalme, akaweka nta badala ya misumari ya magurudumu. Gari likaanguka, mfalme akafa, na mgeni akachukua binti na nchi. Mahali palipoheshimu mbio kuliko pote, basi, paliweka mlangoni mwa hekalu lake kisa cha mbio zilizoibwa. Sasa lije la washairi. Mwaka 476 K.K. Pindar, malenga mkubwa wa sifa za washindi, alitunga wimbo kwa ajili ya Hieron, mtawala wa Siracusa, ambaye farasi wake alishinda Olympia. Ndani yake alikitia kisa cha Pelops. Lakini hongo hakuitaja! Katika wimbo wake Pelops anashinda kwa farasi aliopewa na mungu wa bahari. Malenga aliyeajiriwa kumsifu mtawala aliyeshinda kwa farasi hakuona vema kutaja nta. Sisi tuliokulia katika nchi ya kasida za kusifu watawala na nyimbo za kuwapokea wakubwa tungekuwa na mengi ya kuzungumza na Pindar juu ya hapo. Na sanamu za hekalu lile zilichongwa miaka michache tu baada ya wimbo wake. Je, yule mzee mwenye mkono shavuni anamjibu? Sidai. Lakini swali hilo ndilo ukumbi wenyewe, na sisi tulikaa humo dakika sita, kwa kuwa ilibidi tuwahi chumba cha Hermes.

Hermes ni sanamu nzuri, iliyofukuliwa mwaka 1877 katika hekalu la Hera, na hunasibishwa na Praxiteles. Ameng'aa mno kwa ladha yangu. Simsemi zaidi.

Kuna kitu kingine ambacho hatukukiona kabisa, nami nilikipata kwa kutoroka. Ni kikombe. Kidogo, cheusi, cha udongo, cha kuenea kiganjani. Kilifukuliwa katika miaka ya 1950 kwenye karakana ya Pheidias, yule aliyemtengeneza Zeus wa Olympia kwa dhahabu na pembe za ndovu, kiasi cha mita 12 kwenda juu, akahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. (Ugiriki haina ndovu; pembe zile zilitoka ng'ambo. Sisemi zilitoka kwetu, maana wapo watakaotaka niseme hivyo.) Zeus yule hayupo tena, hakubaki hata ukucha. Kikombe kipo, na chini yake kimeandikwa kwa mkono, kikijisemea chenyewe: mimi ni wa Pheidias. Mtu huyo aliogopa kuibiwa kikombe chake na mafundi wenzake! Nilikitazama hadi nikasikia namba ya stika yangu ikiitwa.

Na bado hatukuambiwa kwa nini vitu hivi viko hapo. Mwaka 1829 Wafaransa walichimba kwenye hekalu la Zeus, na vipande vya michongo walivyovipata viko Paris, katika Louvre, hadi leo. Wajerumani walipokuja kuchimba kuanzia mwaka 1875, walikuja kwa mkataba uliotiwa saini mwaka mmoja kabla, na mkataba huo ulisema vitakavyofukuliwa vitabaki Ugiriki. Ndiyo maana makumbusho yako kando ya magofu, na yule mzee wa marumaru anakaa karibu na hekalu alilotoka. Ugiriki wakati huo ilikuwa nchi ndogo, maskini, yenye madeni, lakini ilijua kusema hapana penye maana. Somo hilo ningependa wageni walipate, na ningependa zaidi tulipate sisi.

Ataniambia yule bwana: wageni wenyewe hawataki zaidi. Wengi ni wazee, magoti yanauma, jua la Julai ni kali, wanataka kivuli na choo. Nakubali yote. Hiyo ndiyo hoja yangu, si yake. Mtu mwenye goti bovu hapendi kukimbizwa mahali kumi na vituo kumi. Anapenda kukalishwa mahali patatu. Kama ningepewa nusu siku ile ningewapeleka kwenye misingi ya Zanes, na hapo pana miti. Kisha uwanjani, kwa kuwa njia ni hiyo hiyo. Kisha mbele ya mzee wa mashariki, wakae. Moto ningeutaja na mwaka wake. Duka ningelifuta, nao waliotaka mafuta ya zeituni wangeyapata gatini. Muda ungebaki.

Ataniambia tena: heri kidogo kuliko kukosa. Kidogo si tatizo. Beti moja iliyosomwa vizuri ni kidogo, na yatosha. Lakini mtu aliyepewa kurasa mia za diwani azifungue kwa kidole gumba, moja baada ya moja, kisha akaambiwa kwamba amekwishasoma, huyo hakupewa kidogo. Huyo amepewa sababu ya kutorudi. Nilimsikia jirani yangu wa kwenye basi akimwambia mkewe, wakati wa kurudi: haya, Olympia tumeimaliza.

Ndipo nirudi kwetu. Meli hizo huja Unguja pia, na Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, nao una stika zake na miavuli yake. Mlango wa nakshi, picha. Soko, picha. Mahali pa biashara ya watumwa, picha, na dakika kumi za huzuni. Duka la viungo, hapana haraka. Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, mwaka ule ule wa reli ya Katakolo, haimo tena katika mzunguko kwa sababu inayojulikana: Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Jengo ambalo kila ratiba ya nusu siku ililipita kwa miaka, likipigwa picha kutoka Forodhani, lilianguka mbele ya macho yetu. Sisemi kwamba mabasi ndiyo yaliyoliangusha. Nauliza tu: katika wale wote waliolipiga picha, ni wangapi walioambiwa chochote juu yake ambacho kingewafanya waulize, mwaka uliofuata, limefikia wapi?

Kwa hiyo namjibu yule bwana kwamba kuiga Olympia ni jambo jema, ila tujue tunaiga ipi. Iko ya Katakolo, ya stika na dakika 105. Na iko ile iliyojenga makumbusho pembeni ya magofu kwa sababu iliweka mkataba, inayomsomesha mtembeza wageni kabla ya kumpa leseni, na iliyoweka aibu zake mlangoni zikasomwa. Ratiba ya nusu siku ya Mji Mkongwe nimekwishaiandika, vituo vitatu, haina duka. Kikao kijacho nitakuja nayo, nami nitaomba niwe msemaji wa kwanza.